Uso Wazi

"Vua hicho kinyago," alisema Fundi Raymundi, Yoramu alipomwamkia kwa sauti iliyozibwa. "Kazi hii si ya bibi harusi."

Yoramu akakivua. Alikuwa ametoka Nzega kuja kujifunza kuchomelea vyuma, na karakana ya Raymundi pale Gongoni ndiyo pekee iliyompokea mjini Tabora. Kinyago chenyewe, cha kioo cheusi, alipewa na shemeji yake wa migodini.

Raymundi alijifunza ufundi jeshini, wakati wa vita vya Hitla, na tangu arudi hakuna aliyemwona amefunika uso. Alisimama mbele ya moto wa umeme mikono kifuani, hapepesi, kama mtu anayeota jua la asubuhi. Watu walitoka Kanyenye kuja kumshangaa tu. Na maringo alikuwa nayo: ukimwamkia, aliitikia marahaba huku kageukia pengine, kama wakubwa wanavyofanya. Kazi ya mwanafunzi hakujisumbua kuitazama. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, akasema una matuta, rudia. Mkewe, Flavia, alimleta kazini kila asubuhi kamshika mkono, na mtaa mzima ulisema mama yule wivu umemzidi.

"Jicho ni kama askari," alimwambia Yoramu. "Ukilifichaficha, linaingiwa woga."

Basi Yoramu akachomelea shasi ya lori la karanga la Urambo uso wazi. Alfajiri aliamka macho yamejaa mchanga, kope haziinuki. Minza, mkewe, akamwekea vitambaa vya maji baridi, huku akimuuliza kama huyo fundi wake ana macho ya akiba ya kumgawia.

"Mbona yeye hajadhurika?" alisema Yoramu.

Mumewe alipopata nafuu, Minza alimfungia kinyago pamoja na chakula, akamwambia akirudi tena na macho mekundu asimtafute. Atakuwa kwao Igunga.

Siku hiyo Yoramu alisimama mbele ya shasi akiwapima wawili hao, fundi na mke. Aliyemwogopa zaidi yeye ni mke. Akavaa kinyago, akavaa na glovu za ngozi, akawasha moto, liwalo na liwe.

Alisikia hatua za Raymundi zikija. Akazima, akainua kichwa, kinyago kikiwa bado usoni, jasho likimtiririka shingoni, akingoja kufukuzwa. Walikuwa uso kwa uso. Raymundi hakuwa na haraka. Aliinama hadi pumzi zake zikatia ukungu kwenye kioo cheusi, akakaa hivyo kitambo, ametulia.

Kisha akampapasa bega, akatabasamu.

"Uso wazi, kama mwanamume," alisema. "Leo nimekuona."