Shimo la Fuko

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanakwenda shule, Mwalimu Muhanga alifundisha kuchimba. Darasa zima lilichimba shimo la aina moja, kwa mwendo mmoja. Fuko alikuwa akimaliza kabla wenzake hawajapangusa vumbi puani.

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Vizuri. Lifukie, ulichimbe tena."

Fuko akafukia, akachimba, akafukia. Wiki ya tatu akaacha kusema amemaliza. Hata Kobe akampita, na Muhanga akajisifu kwa mkewe: "Yule mtundu nimemtuliza."

Asubuhi moja Muhanga alikuwa akisahihisha mashimo, akaingia katika la Fuko. Ardhi ikatitia, puu! Akajikuta kwenye njia ndefu yenye kona, na mwisho wake chumba kilichoinuliwa ili maji ya mvua yasikifikie. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchimba kitu kama hicho.

"Nani kakufundisha haya?" akamuuliza Fuko, aliyekuwa akichungulia kutoka juu.

"Hakuna, Mwalimu. Nilikuwa nawangoja wenzangu." Fuko akainamisha kichwa. "Nilifukie?"

Swali hilo lilimchoma Muhanga kuliko kuanguka. Akamshika mkono, akampeleka penye mwamba nyuma ya darasa.

"Huu umenishinda miaka kumi. Tafuta pa kuupenya. Ukikwama, niite tukwame wote."

Kengele ilipolia, Fuko alikuwa hajamaliza, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule. Kucha zilimuuma, na uso ulikuwa umemjaa udongo.

"Mwalimu," akasema, macho yakimng'aa, "kesho tunaweza kuja mapema?"