Madoa Kwenye Gamba

Kamba alikuja mwenyewe ukingoni mwa bwawa, mchana kweupe, na mama mwenye bwawa akamwokota bila kumkimbiza. Hilo peke yake lilimtia baridi. Kamba mzima hakamatiki hivyo.

Akamgeuza juani. Gamba la kichwani lilikuwa na madoa meupe, madogo kama punje za chumvi. Akayakwangua kwa ukucha. Hayakutoka. Yalikuwa ndani ya gamba lenyewe.

Ugonjwa huu hauna dawa; aliwahi kuona shamba zima likifa kwa siku tatu. Lakini si bwawa lake lililomfanya atimue mbio. Asubuhi ile alikuwa amebadilisha maji, na ya zamani akayamwaga mferejini. Kaka yake, aliyevuta maji ya bwawa lake kutoka mfereji huohuo upande wa chini, alikuwa amepandikiza vifaranga wa kamba wiki moja iliyopita.

"Kaka! Zima pampu! Usivute maji!"

Pampu ilikuwa inanguruma. Kaka mtu alimwona anavyopunga mikono, naye akapunga ya kwake, akicheka. Dada alipofika, roho juu juu, ndipo kaka alipoizima.

"Polepole, dada, utaanguka. Kuna nini?"

"Umevuta maji leo?"

"Ndiyo namaliza. Limejaa pomoni! Njoo uone wanavyoyafurahia."

Akamshika mkono, akampeleka ukingoni. Dada akafungua kinywa amwambie. Kaka alikuwa ameshapiga magoti, akimwonyesha vifaranga, wembamba kama sindano, wakikimbilia pale maji mapya yalipoingilia.