Posa Tatu Nilizozikataa

Nilisimama mlangoni na sinia la chai mkononi, na maneno yangu tayari mdomoni: "Mwalimu, kesho usije."

Binti yangu alikuwa anacheka. Mimi mama yake hunijibu "mm" na "haya", lakini kwa huyu mwalimu wa kuja nyumbani hucheka mpaka anapiga meza. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa akipima damu hospitalini kabla ya kusomea uchumi. Iwe kemia, iwe uchumi, hafungui kitabu mpaka mtoto atoe mfano wa humu ndani. Na humu ndani kuna nini zaidi yangu mimi, niliyeishia darasa la saba?

"Gharama ya fursa," alisema. "Kile ulichokiacha ili upate ulichochagua. Haya, mfano."

"Baba alipofariki, mama aliletewa posa tatu. Alizikataa zote ili anilee mimi."

Siku zote nilidhani hajui.

"Kwa hiyo gharama yake ni waume watatu?"

"Mwalimu naye! Angeolewa na wote kwa mpigo? Ni mmoja tu, yule aliyekuwa bora kati yao."

"Vizuri sana. Yupi?"

"Fundi saa. Mama alikuwa akimpelekea saa ambayo haijaharibika!"

Wakacheka tena, wote wawili.

Nikatua sinia, nikavuta kiti, nikakaa katikati yao.

"Hapo umekosa, mwanangu," nikasema. "Alikuwa yule fundi mwashi."