Kitambaa cha Kompyuta Mpya

Mwanakheri alikuwa akichapa barua ya mteja kwenye kompyuta yake kuukuu, feni ikinguruma, Saumu wa steshenari ya jirani alipoingia.

"Shoga, nifumie kitambaa cha kufunikia. Nimeagiza ile kompyuta ndogo inayosemwa itatoka mwezi ujao. Prosesa mpya, eti kasi mara mbili!"

"Hata haijatoka. Kipimo umekitoa wapi?"

"Mtandaoni wanasema haizidi kisanduku cha tende."

"Njoo Ijumaa," alijibu Mwanakheri bila kumtazama.

Saumu alipotoka, Mwanakheri alifungua droo. Kitambaa chekundu alichojifumia kwa kipimo hichohicho, naye alipokuwa akiingojea kompyuta hiyo, kilikuwa humo tangu mfungo. Alikitandika juu ya kompyuta yake. Kilifunika pembe moja tu. Akatafuta ncha ya uzi, akaanza kukifumua.