Kigae Kilichogoma Kushika

Fundi alipiga magoti mlangoni mwa chumba, akakigonga kigae kwa kifundo cha kidole. Chini yake palisikika patupu. Akakishika pembeni, kikanyanyuka chote bila ubishi, kama kifuniko cha sufuria.

Hii ilikuwa mara ya sita. Kigae kile kile, nyumba ile ile ya mama mjane aliyejenga chumba cha ziada kwa ajili ya wajukuu. Vigae vingine vyote vilikuwa vimeshika barabara, hata ukivichezea ngoma havitikisiki. Hiki cha mlangoni tu, jamani, kilikuwa na lake.

"Nisamehe sana, mama," alisema, wala hakuweza kumtazama usoni.

"Nikusamehe nini, mwanangu? Inuka kwanza unywe chai, itapoa."

Vikombe viwili vilikuwa vimeshapangwa mezani. Mama huyu alimshangaza. Wateja wengine, kigae kikipata ufa mwembamba kama unywele, wanakutukana mpaka ukoo. Yeye hakuwahi kunung'unika hata siku moja. Alivaa vizuri, akakaa, akauliza habari: kazi inakwendaje, kifua cha mama yako kimepona, mchumba hajambo? Alikumbuka kila kitu. Wanawe walikuwa mbali, simu zao za kuhesabu, na kile chumba cha wajukuu kilikuwa bado kinanuka rangi mpya.

Kazini walimwita fundi huyu Pimamaji, kwa sababu jicho lake peke yake lilitosha kujua kama sakafu imelala sawa. Mara ya kwanza kigae kiliponyanyuka hakujali. Kimoja kati ya mia mbili si hoja. Akakisafisha, akapaka gundi upya, akakigonga kwa nyundo ya mpira, akamwambia mama asikikanyage mpaka kesho yake. Baada ya wiki mbili, simu: kimeng'oka tena. Wenzake wakacheka weee. "Pimamaji, hicho kina miguu, kifunge kamba!" Naye akacheka. Mara ya tatu hakucheka.

Maana alikuwa na siri. Baba yake naye alikuwa fundi wa vigae, na ugonjwa uliomuua ulianzia huko huko kazini. Kabla vidole havijaanza kutetemeka, kabla hajashindwa kufunga vifungo vya shati, vigae vyake viligoma kushika. Mkono ulikuwa umeanza kufa na mwenyewe hana habari. Miaka tisa mkewe alimlisha kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akazeeka kabla ya wakati wake. Fundi aliyaona yote hayo kwa macho yake.

Basi kila simu ya mama huyu ilimkata maini. Alibadilisha gundi. Akachokonoa saruji ya chini, akaisawazisha upya. Akapima mara mbili, mara tatu. Wapi! Daktari alimpima akasema haoni kitu, lakini hata baba yake aliambiwa hivyo hivyo mwanzoni. Akawa anajitenga, ananyoosha vidole mbele ya macho, anavitazama kama vile vitamjibu.

Ilipofika mara ya nne akakata shauri. Alikwenda kwa mchumba wake, akamweleza, akamwambia waachane. Binti alilia. "Hata ukiumwa, nitakulisha mwenyewe," alisema. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa. Akamjibu vibaya makusudi, maneno makali ambayo hakumaanisha hata moja, mpaka binti akashika njia yake. Alimpenda kupita kiasi, na ndiyo sababu.

Leo alikuwa amekuja kuaga.

"Mama, nimeacha kazi," alisema, kikombe kikiwa bado kimejaa. "Mwiko na vifaa vyangu nimempa mwenzangu. Huyo ndiye atakayekuja kukurekebishia. Mkono wake ni mzuri, usiwe na wasiwasi."

"Umeacha? Kijana kama wewe? Kwa nini?"

Akamweleza. Kwa mara ya kwanza akaeleza yote kwa mtu asiye wa kwao wala mchumba wake: baba, kijiko, ile miaka tisa, na jinsi mkono wake ulivyoanza kumsaliti hapa hapa mlangoni pake. Alizungumza huku ametazama sakafu.

"Na mchumba?" mama aliuliza mwishowe.

"Ameolewa Jumamosi, mama. Heri yake, amepata mtu mwenye afya." Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemfukuza."

Mama aliinuka kwa shida, akaenda jikoni huku anashikilia ukuta. Fundi akasikia droo ikifunguliwa. Aliporudi alikuwa ameshika kisu cha mezani. Ncha yake ilikuwa imepinda, na gundi ya vigae ilikuwa imekigandia, tabaka juu ya tabaka, mpaka kwenye mpini. Akakiweka mbele yake.

"Mkono wako ni mzima, mwanangu," alisema.