Bata Tisa wa Fabiani

Fabiani alitumbukiza mkono ndani ya tenga kwa mara ya pili, maana mara ya kwanza alipata nane.

"Mmoja amelalia mwenzake, afande," Méthode alimwambia taratibu, ameshikilia baiskeli.

Akahesabu upya. Tisa. Ndipo akainua gogo la kizuizi.

Msimcheke. Mgambo wa miaka arobaini na sita, mwenye rungu na filimbi, kuhesabu vifaranga vya bata kila Alhamisi si kazi ya kujisifia, na mwenyewe alijua. Lakini miaka saba alikuwa amekaa kwenye geti lile la makazi ya wakimbizi ya Mishamo, na miaka yote saba aliomba uhamisho wa kurudi kwao Usevya, ambako mama yake alikuwa anapofuka peke yake. Barua zilienda Mpanda zikanyamaza hukohuko. Wakimbizi wa Burundi hawakutoka bila kibali. Yeye hakuondoka kabisa. Siku nyingine alijiuliza nani hasa anamlinda nani.

Kisha wakaja hao bata. Méthode, mmoja wa wakimbizi hao, alikuwa anafyeka kando ya kinamasi, akakuta mayai ya bata mwitu, mama yao kafukuzwa na moto. Akayabeba, akayaweka chini ya kuku wake aliyekuwa anaatamia. Yakaanguliwa tisa. Bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, alipopita akawaona, akasema ndege wa porini ni mali ya serikali: watafutiwe maji ya kufaa, waachiwe. Akaandika kibali. Kila Alhamisi, Méthode na msaidizi mmoja, pamoja na bata wenyewe ili wayajaribu maji, watoke asubuhi na kurudi jioni, mpaka mahali papatikane. Halafu akamgeukia Fabiani, akamwambia: Akipungua hata mmoja, basi ameliwa au ameuzwa, na atakayejibu ni wewe. Wakiachiwa wote tisa salama, mimi mwenyewe nitakwenda kukuombea uhamisho.

"Mimi nimeomba miaka minne niipeleke familia kwa mdogo wangu Tabora," Méthode alisema siku ile, akikunja kibali. "Bata wamepata kwa siku moja."

Fabiani alimwelewa. Naye alikuwemo kwenye foleni ileile.

Alhamisi ya kwanza msaidizi alikuwa mama yake Méthode, bibi mwembamba aliyesemekana kuwajua bata tangu mito ya kwao. Fabiani mwenyewe ndiye aliyeishika baiskeli bibi akapanda kwenye keria, akampakatisha tenga. Akamkumbuka mama yake.

"Mungu akufikishe kwenu, mwanangu," bibi alimwambia, akimpapasa mkono.

Jioni Méthode alirudi jasho linamtiririka, tenga limefungwa kwenye keria kwa mpira. Fabiani alilikimbilia kabla baiskeli haijasimama. Tisa! Hapafai, Méthode alisema, kuna mamba.

Alhamisi ya pili alitoka na Lucia, binti yake mkubwa, tenga mapajani. Jioni tenga lilikuwa juu ya keria, bata tisa. Ng'ombe wa Nkwabi, mfugaji wa jirani, wameyavuruga maji, tope tupu. Ya tatu alimpakia binti wa pili, mdogo wa Lucia. Huko wakakuta wavuvi wametega migono, mitego yao ya samaki, kila kona. Ya nne ilikuwa zamu ya mkewe, Hilaria, mtoto mgongoni na tenga mkononi. Maji hayafiki hata magotini, Méthode aliripoti jioni, akiwa hoi, huku Fabiani kainama juu ya tenga anahesabu midomo.

Sasa Fabiani alianza kukosa usingizi. Bata walikuwa wameota manyoya ya mabawa, wakawa wanapigapiga humo tengani. Wakiruka njiani je? Na Usevya ndiyo imekwenda nao.

"Nyie watu mnachagua maji kama mnachagua mchumba," alimfokea Méthode. "Bwawa si bwawa tu?"

"Ukiachiwa mahali pabaya utarudi tu, afande," Méthode alisema. "Alhamisi ijayo namaliza."

Alhamisi ya tano alipita peke yake, tenga limeshafungwa kwenye keria tangu asubuhi. Fabiani alihesabu, tisa, akamtakia heri kwa moyo wote. Mchana kutwa alikaa getini akiwaza atamnunulia mama kitenge gani.

Kwenye saa kumi na moja akasikia miluzi angani. Akainua kichwa. Kundi la bata lilipita juu ya geti, likainama, likaelekea moja kwa moja nyumbani kwa Méthode. Jamani! Aliacha geti wazi, akakimbia, rungu likimgonga paja.

Aliwakuta uani, wamemzunguka yule kuku aliyewaangua, wanachokoa pumba kama hawajatoka siku hata moja. Akahesabu kwa kidole. Tisa, wote wazima. Alikaribia kulia kwa furaha. Kumbe hakuna kilichoharibika. Alhamisi ijayo wangepelekwa mbali zaidi, na habari ya Usevya ingali hai.

Akabisha hodi aombe maji ya kunywa. Kimya. Akabisha tena, akausukuma mlango. Ndani hamkuwa na mkeka, wala sufuria, wala nguo kwenye kamba. Mafiga yalikuwa ya baridi.

Jirani, mama mmoja, alikuwa anatwanga muhogo upande wa pili wa ua. Fabiani alimuuliza bibi yuko wapi, na Hilaria, na wale mabinti. Yule mama hakuacha kutwanga.

"Walipita getini kwako, afande," alisema. "Si wewe uliyekuwa unahesabu?"