Kozi Aliyewabeba Twiga

Hondohondo alibeba abiria mgongoni, kilima hadi kilima, miaka kumi na minane bila kutamani kazi nyingine. Kozi, ndege mwindaji na rubani mwenzake, alimwona mjinga.

"Mtu mzima bado unabeba panya na vyura!" alimcheka. "Mimi nimepata kazi kampuni ya ng'ambo. Huko nitabeba twiga."

"Nenda salama, bwana mkubwa," alijibu Hondohondo. "Mimi jioni nakula kwangu."

Kozi akaenda. Huko alikuta sheria moja: aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayetangulia kuchagua safari. Hata uwe na mbawa za dhahabu, ukija leo unaanzia mwisho. Twiga aliwabeba kweli, tena kila sikukuu, maana wakongwe walishachagua kulala makwao.

Mwaka wa sita akapewa likizo ya siku moja. Alitua kilimani mbawa zimemlegea, akamkuta Hondohondo akipakia abiria.

"Kaka, nipeleke nyumbani upesi! Wanangu wamenisahau. Yule mdogo kwenye simu ananiita mjomba!"

"Nitakupeleka. Kapange foleni, nyuma ya yule panya."

"Mimi, Kozi, nyuma ya panya?"

"Si ndiyo sheria ya huko kwenu?" alisema Hondohondo. "Panya katangulia."

Kozi akajipanga nyuma, mdomo wake ukimgusa panya kisogoni.

Panya hata hakutetemeka. Aligeuza shingo kidogo tu.

"Usinisukume, mjomba."